Nyayo za Askari Mmoja

Msomaji mpendwa, ukitoka hapa Ziwa ukapita mji wa Eldoret, ukashika barabara ya Burnt Forest na Timboroa hadi njia panda ya Makutano, utateremka kutoka hapo mpaka Eldama Ravine. Kwa gari ni safari ya asubuhi moja tu. Huko Ravine, mwezi wa Septemba 1897, askari kama 300 Wasudani waliwaasi wakubwa wao. Majina ya maofisa wa Kiingereza wa siku zile yamo vitabuni. Majina ya askari wenyewe, isipokuwa ya wachache, hayamo. Leo nataka tumfuate mmoja wao, askari wa daraja ya chini kabisa. Sitambunia jina. Tutamtambua kwa njia aliyoipita, kwa ujira alioupata, na kwa watu waliomtegemea.

Askari wa namna yake walizaliwa kusini mwa Sudan. Wengi walitekwa wangali vijana katika siku za biashara ya watumwa, wakatiwa katika jeshi la serikali ya Misri, iliyokuwa imeanzisha jimbo la Ekwatoria mwaka 1871. Huko kambini kijana wetu alipewa bunduki, akasilimu, akaoa, akazaa watoto. Akajifunza Kiarabu cha askari, ambacho baadaye kilizaa lugha ya Kinubi. Aliyepotewa na kijiji chake, kambi ikawa kijiji chake.

Mwaka 1885 wafuasi wa Mahdi waliuteka mji wa Khartoum, na jeshi la Ekwatoria likakatiwa njia. Mshahara haukuja, wala nguo, wala barua. Mwaka 1889 gavana wao, Emin Pasha, aliondoka na Stanley kwenda pwani, lakini mamia ya askari walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Hapo ndipo Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, alipowakuta mwezi wa Septemba 1891, akawachukua kuwa askari wake. Hawakuja peke yao. Nyuma yao walifuata wake, watoto, jamaa na watumwa, jumla yao maelfu ya watu. Ukumbuke msafara huo, maana ndani yake mna sababu ya mambo yaliyofuata.

Kampuni ilipoondoka, serikali ya Uingereza ilishika nchi ya Uganda mwaka 1894, na mwaka uliofuata askari hao wakawa jeshi la Uganda Rifles. Askari wetu alitumwa kupigana na Mukama Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1895 jeshi lake lilitumwa kuwapiga Wanandi. Hapa yatupasa kusema kweli bila kupendelea. Kwa wazee wa nchi hii, askari huyu hakuwa mnyonge wa kuhurumiwa. Alikuwa mtu wa bunduki aliyekuja kuteka ng'ombe. Yeye mwenyewe alinyang'anywa kwao, kisha akatumiwa kuwanyang'anya wengine. Mtu mmoja aweza kuwa mwenye kuonewa na mwenye kuonea, na historia isiyoweza kuyabeba yote mawili ni nusu ya historia.

Mwaka 1897 alikuwa amechoka kwa vita vya mfululizo. Mshahara wake ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, chini ya ule wa mpagazi wa pwani. Nao ulicheleweshwa, na mara nyingi ulilipwa kwa nguo. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Ndipo ilipokuja amri ya kumfuata Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini, na jamaa zao wengi waachwe nyuma. Mtu aliyekwisha kupoteza kwao mara moja aliambiwa awaache wake na watoto katika nchi ya ugeni, bila kujua atarudi lini. Askari walikataa.

Waliondoka Ravine wakapita Nandi na Mumias, wakafika ngome ya Luba katika Busoga. Huko walimkamata Meja Thruston, ofisa aliyewaendea kwa kuwaamini, wakamwua pamoja na Wazungu wengine wawili, Wilson na Scott. Wakazingirwa hadi Januari 1898, wakatoroka, na mwezi wa Februari wakashindwa vibaya karibu na Ziwa Kyoga. Baada ya damu hiyo yote, serikali iliongeza mshahara wa askari. Jambo lililowezekana baada ya vita lingaliwezekana kabla yake.

Je, wote waliasi? La. Wasudani wengi walibaki katika utii, na mwaka 1902 Uganda Rifles iliingizwa katika jeshi jipya la King's African Rifles. Wengine walipostaafu walipewa mahali pa kukaa Kibra, karibu na Nairobi. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilipimwa kuwa ekari 4,197. Wajukuu wao walipokea hati ya ardhi mwaka 2017, na hati hiyo ilikuwa ya ekari 288. Hata huko Ravine wamo Wanubi hadi leo.

Sasa, msomaji, umeona jinsi mtu asiyeandikwa anavyoweza kufuatwa. Tuliuliza alilipwa nini, alitembea wapi, alisema lugha gani, na wajukuu wake wanaishi wapi. Maswali hayo manne hayahitaji jina la mtu mkubwa. Nenda nyumbani ukamwulize babu au bibi yako maswali hayo hayo juu ya wazazi wao, ukayaandike majibu katika daftari, na tarehe juu yake. Askari wetu hakupata mtu wa kumwuliza. Wazee wako wanaye, naye ni wewe.