Utani: Mkataba wa Waliowahi Kupigana

Utani, yaani uhusiano wa kudumu unaowaruhusu watu wa pande mbili kukejeliana, kutukanana na hata kunyang'anyana vitu pasipo yeyote kuwa na haki ya kukasirika, siku hizi huchukuliwa kuwa mzaha mtupu, ingawa katika historia ya Tanganyika ulikuwa mkataba wenye wajibu mzito, na wengi walioufunga walianza wakiwa maadui au wageni wasioaminiana. Maelezo yaliyokusanywa na R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na kuchapishwa katika miaka ya 1940, yanataja vita vya zamani kuwa chanzo cha utani wa makabila mengi. Wahehe na Wangoni, ambao leo ni watani, walipigana kati ya 1878 na 1882 pasipo upande mmoja kuuvunja mwingine.

Chanzo cha pili kilikuwa kazi. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe huko bara hadi Bagamoyo pwani, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32, walilazimika kupita katika nchi za watu waliokuwa na maji na chakula, na ambao wangeweza kuwazuia wakitaka. Utani wao na Wazaramo ulimpa msafiri haki ya kuomba chakula na mahali pa kulala, na kejeli aliyopokelewa nayo ilikuwa namna ya kuutoa uhasama hadharani kabla haujageuka kuwa mapigano.

Uzito wa mkataba huo ulionekana zaidi msibani. Mtu akifia ugenini, watani ndio waliosimama mahali pa ndugu: waliuosha mwili, walichimba kaburi, na papo hapo waliwadhihaki wafiwa, wakamwigiza marehemu na kushika mali yake mpaka wakombolewe kwa fedha au kuku. Mgeni asiyejua desturi angedhani ni ukatili, kumbe kazi ambayo ndugu wenye majonzi wasingeiweza ilikuwa imekabidhiwa watu wasiofungwa na majonzi hayo.

Ndani ya ukoo utani ulifuata ramani yake: babu na mjukuu, shemeji na shemeji, na mabinamu walitaniana, ilhali mkwe aliheshimiwa na kuepukwa. Hivyo lawama ambayo mke hakuweza kumtamkia mumewe ilifikishwa na shemeji kwa kicheko, na mume, akiwa amenyimwa haki ya kukasirika, alibaki na hiari ya kujirekebisha pasipo kuaibika.

Hata hivyo, isisahaulike kwamba utani ulidai usawa, kwa kuwa kila tusi lilikuwa na haki ya kurudishwa. Mfanyakazi hakuwa na haki hiyo mbele ya mwajiri wa kikoloni, na mgomo wa 1947, ulioanzia bandarini Dar es Salaam na kuenea katika miji mingine, ulionyesha pengo kati yao lilikuwa pana kiasi gani. Miongo kadhaa baadaye, kazi hiyo ya kuzungumza kabla ya kupigana, ambayo utani haukuweza kuifanya kati ya wasio sawa, ilikabidhiwa sheria: sheria za kazi za Tanzania za mwaka 2004 ziliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mwajiri na mwajiriwa hukalishwa kwanza mbele ya msuluhishi, ambaye hupewa siku 30 kuwapatanisha.