Huko juu nani anampisha nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini. Mpiga picha akarusha droni juu ya vichwa vyetu, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nikajiuliza: huko juu nani anampisha nani?

Swali hili ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, tayari ulisema katika kifungu cha 8 kwamba ndege isiyo na rubani isiruke juu ya nchi mwanachama bila kibali maalumu.

Ndege zenye rubani nazo kwa miaka mingi zilitegemea kanuni nyepesi: fungua macho, ona, kwepa. Marekani ilijifunza kwa machozi kwamba macho hayatoshi. Juni 30, 1956, ndege mbili za abiria, moja ya TWA na nyingine ya United, ziligongana juu ya Grand Canyon. Hakuna aliyekuwa akiziongoza kutoka chini. Kila rubani alipaswa kumwona mwenzake. Watu wote 128 walikufa. Mwaka 1958 Bunge likapitisha sheria iliyounda FAA, chombo kimoja cha kusimamia anga.

Kisha zikaja droni, ambazo rubani wake yuko chini. Mwaka 2012 Bunge hilo hilo liliitaka FAA iziingize kwa usalama katika anga moja na ndege nyingine ifikapo Septemba 2015. Muda ukapita. Kanuni za droni ndogo zilianza kutumika Agosti 2016: uzito chini ya kilo 25, isizidi futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini, na anayeirusha awe anaiona.

Jamani, si tumerudi kwenye macho yale yale? Septemba 21, 2017, karibu na Staten Island, New York, droni iligongana na helikopta ya jeshi. Helikopta ilitua salama. Mwenye droni alipatikana kwa sababu kipande chake kilinasa kwenye helikopta. Alikuwa ameirusha mbali asikoweza kuiona, wala hakujua kwamba imegonga kitu!

Ndipo ikaja kanuni ya kuitaka droni ijitambulishe kwa redio na kutaja mahali ilipo. FAA ilianza kuwabana wasioitii Machi 2024.

Sisemi droni zipigwe marufuku. Majirani zetu Rwanda wamezitumia kupeleka damu hospitalini tangu 2016. Hoja yangu ni moja tu. Mwaka 1956 sheria ilingoja maiti 128. Mwaka 2017 tulionywa bure, bila msiba. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Je, kwetu tutaweka utaratibu mapema, au tutasubiri tume ya uchunguzi?

Wewe unasemaje?