Mganga Muuaji na Filamu za Kutisha: Nani Alimtangulia Mwenzake Nyanda za Juu Kusini?

Kila yanapotokea mauaji yenye harufu ya ushirikina, filamu za kutisha za Kiswahili hupata lawama. Mshitakiwa anajulikana: filamu ya bajeti ndogo, damu ya rangi, mganga mwenye hirizi na mgonjwa anayeingia kutibiwa asitoke. Wanaolaumu husema filamu hizo huwafundisha watu imani ambazo baadaye huua. Makala haya yanapinga dai hilo kwa ushahidi wa Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Tukifuata mpangilio wa miaka tu, mganga muuaji alikuwa gumzo la vijijini kabla hajawa mhusika wa filamu.

Kuhusu chimbuko la filamu zenyewe hakuna ubishi mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alifungua njia kwa Nsyuka, filamu yenye jina la Kinyakyusa, kisha akaja na Shumileta. Mtafiti Claudia Böhme ameonyesha namna filamu hizo zilivyochota kutoka Nollywood, yaani filamu za Nigeria. Zilitengenezwa kwa fedha kidogo na kutazamwa nyumbani na katika vibanda vya video. Ubishi unaanza tunapouliza hofu iliyomo ndani yake ilitoka wapi.

Ushahidi mzito zaidi ni wa mwaka 1999, Nsyuka ikiwa bado haijatoka, habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi mkoani Mbeya zilipotapakaa nchi nzima. Ilisemekana ngozi hizo zilivushwa mpaka kwenda Zambia, Malawi na mbali zaidi, kwa wateja waliozitaka kwa dawa za utajiri. Katika uchambuzi wake wa mwaka 2001, mwanaanthropolojia Todd Sanders alizisoma habari hizo kama kauli ya wananchi juu ya soko huria: kama kila kitu sasa kina bei, kwa nini ngozi ya binadamu isiwe nayo? Jiografia inampa nguvu. Mbeya imekaa kwenye barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, huku mipaka ya Tunduma na Kasumulu ikiwa karibu. Yeyote aliyeona malori yakipita usiku na mchana angeweza kuamini kwamba lolote linaweza kupakiwa.

Hata hivyo, uzito wa uchambuzi huo uko sokoni, kwa muuzaji na mnunuzi. Anayeagiza kiungo, yaani mtu aliyeaminiwa kutibu, anabaki pembeni, ilhali ndiye kiini cha hofu. Mageuzi yaleyale yaliyoleta soko huria yalibadilisha pia tiba. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Marekebisho ya mwaka 1991 yakaziruhusu. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 1994 televisheni binafsi zikaanza Tanzania Bara. Zahanati ya kulipia na burudani ya skrini ziliingia sokoni katika muongo mmoja. Mgonjwa wa Mufindi au Chunya, aliyezoea zahanati ya serikali au hospitali ya misheni kama Tosamaganga, sasa alipaswa kupambanua mwenyewe nani tabibu na nani tapeli.

Hofu ya tabibu tapeli si ya Watanzania peke yao. Katika Don't Look in the Basement ya mwaka 1973, filamu ya bei rahisi ya S. F. Brownrigg iliyopigwa Texas, daktari anayeendesha hospitali ya wagonjwa wa akili anagundulika mwishoni kuwa ni mgonjwa mwenzao. Hakuna jini wala mzimu. Kinachotisha ni mamlaka ya kujipachika.

Serikali imejaribu kuituliza hofu hiyo kwa usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe alitangaza marufuku dhidi ya wapiga ramli, na kufikia Machi zaidi ya waganga 200 wasio na vibali walikuwa wamekamatwa. Miaka minne baadaye watoto waliuawa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na waganga wakakamatwa tena kwa makumi. Usajili unafaa, lakini hautoshi: Harold Shipman wa Uingereza, aliyehukumiwa mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa wake na ambaye uchunguzi rasmi ulimhesabia wahanga wapatao 215, alikuwa daktari mwenye leseni kamili.

Wapinzani watasema hadithi nazo huua. Ni kweli. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani, yaani watu wanaodaiwa kunyonya damu, ulizua ghasia za mauti Buguruni, Dar es Salaam, kama mwanahistoria James Brennan anavyoeleza. Oktoba 2016 watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa Chamwino, Dodoma, wakidhaniwa wanyonya damu. Lakini mwaka 1959 hapakuwa na filamu ya Kiswahili ya kutisha ya kulaumiwa, na kilichowashtua watu wa Chamwino ni wageni waliokuwa wakichukua sampuli.

Haiwezi kudaiwa kwamba filamu haina athari yoyote. Huenda inaipa hofu sura na kuisafirisha hadi mahali isipokuwapo. Lakini anayeitaja kuwa chanzo anapaswa kuonyesha kwamba filamu ilitangulia hofu, jambo ambalo mfuatano wa matukio ya Mbeya unalikanusha. Kwa Bodi ya Filamu, hilo linatosha kupendelea madaraja ya umri badala ya mkasi. Kwa watafiti, kazi iliyo mbele ni kuyasoma majalada ya mahakama za Mbeya na Iringa sambamba na miaka ya kutolewa kwa filamu, ili ijulikane washitakiwa walisema ni nani aliyewaagiza viungo vya dawa.