Neno Lililotoka Sokoni

Jioni moja mamangu aliniambia jambo mara tatu na sikusikia hata mara moja. Nilikuwa kwa simu. Mara ya nne hakurudia; alichukua sufuria yake akaenda jikoni. Nilipomfuata kuuliza, akasema, "Wacha tu. Ilikuwa ya daktari."

Shuleni tulifunzwa neno la Kiingereza la hali hiyo: "engrossed". Mwalimu alisema ni kuzama kabisa ndani ya jambo, na tukalimwaga kwa kila insha. Hakutuambia lilianzia sokoni.

Linatokana na Kifaransa, "en gros", yaani kwa jumla. Kwa Waingereza wa zamani, aliye-engross alikuwa mfanyabiashara aliyenunua nafaka yote, hata iliyokuwa bado shambani, aifungie, kisha auze kwa bei anayotaka. Sisi tunamjua: ni mlanguzi. (Siku hizi magazeti yametuzoesha mlanguzi wa mihadarati, lakini wa unga na sukari bado yuko.) Sheria ya 1552, enzi za Mfalme Edward wa Sita, ilimpa miezi miwili jela kwa kosa la kwanza na sita kwa la pili. Akirudia tena, alisimamishwa hadharani shingo na mikono ikiwa imebanwa kwa mbao, na mali yake yote ikachukuliwa. Mkate ukipanda bei, watu walikufa njaa, haikuwa mchezo.

Sheria hiyo ilifutwa 1772. Miaka minne baadaye Adam Smith aliandika kwamba kuwaogopa walanguzi wa nafaka ni kama kuogopa uchawi. Rahisi kusema ukiwa umeshiba. Kosa lenyewe lilikufa rasmi 1844.

Neno lilikuwa na tawi lingine, la makarani: kunakili hati rasmi kwa herufi kubwa, safi. Ndivyo Jacob Shallus alivyoiandika Katiba ya Marekani kwa mkono mwaka wa 1787, akalipwa dola 30.

Lakini hili la soko ndilo limenikaa. Kabla hata sheria haijafutwa, Waingereza walikuwa tayari wanalitumia kwa akili ya mtu: kitu kinainunua yote, habakishii mwingine hata kibaba. Kiswahili husema nimezama, kana kwamba niliruka majini mwenyewe. Kiingereza chao, ukikifuata hadi mizizi, kinasema mimi ndiye nafaka. Na aliyeninunua jioni ile hakuninunua ili anile; alikuwa ananiuzia wenye matangazo. Mamangu alikuja sokoni akiwa amechelewa, akakuta ghala limefungwa.

Juzi nilimwomba anieleze upya, yote, kuanzia mwanzo. Aliniuliza kwanza simu iko wapi.