Mbuyu wa Pili Uliodumu Miaka Minne

Mwaka 2012 jarida la Taxon, linaloheshimika sana miongoni mwa wataalamu wa uainishaji wa mimea, lilitoa habari nzito kwa Afrika: bara hili lina spishi mbili za mibuyu, si moja. Ya pili ilipewa jina la Adansonia kilima, kwa kuwa watafiti walisema inaota kwenye mwinuko, kati ya meta 650 na 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miaka minne baadaye, katika jarida lilelile, wataalamu wengine walionyesha kwamba mti huo ni mbuyu uleule wa siku zote.

Mkasa huo hauwezi kueleweka bila kurudi nyuma. Mwaka 1592 tabibu wa Kitaliano, Prospero Alpini, alieleza katika kitabu chake tunda la mbuyu alilolijua Misri. Mwaka 1749 Mfaransa Michel Adanson, kijana wa miaka 22, alishuka Senegal, akaiona mibuyu yenyewe, akapima mashina yake na kuyaandikia maelezo marefu. Mwaka 1759 Linnaeus wa Sweden aliuandikisha mti huo kwa jina la Adansonia digitata.

Uainishaji wa enzi hizo ulitegemea macho: jani limegawanyika vipi, ua lina umbo gani, tunda ni la duara au limerefuka. Kwa mbuyu, macho hudanganywa upesi. Mche wake hutoa majani mazima yasiyogawanyika, na vijijani vile vitano hadi saba vinavyokaa kama vidole vya mkono huja baadaye, mti ukishakua. Wahenga waliosema hata mbuyu ulianza kama mchicha walikuwa wameutazama mmea huu vizuri kuliko wageni wengi. Ua nalo lina shida yake. Hufunguka jua linapozama, jeupe, likining'inia kwenye kikonyo kirefu, katikati likiwa na tufe la stameni nyingi ajabu ambalo popo huja kulitia uso wakitafuta asali. Kesho yake petali zimekwisha kunyauka na kuwa za kahawia. Mkusanyaji anayefika saa nne asubuhi amechelewa, na ua likishakaushwa na kubanwa kwenye karatasi hupoteza umbo na ukubwa wake. Kwa hiyo mtu akisema ua la mti huu ni dogo kuliko la mti ule, sharti tumuulize alilipima lini, na miti mingapi.

Kazi iliyoweka utaratibu ilifanywa na mtaalamu wa mimea David Baum. Mwaka 1995 alichapisha mapitio ya jenasi nzima na kutambua spishi 8: 6 za Madagascar, 1 ya Australia na 1 ya Afrika bara. Mwaka mmoja kabla yake, yeye na mwenzake walikuwa wamehesabu kromosomu. Spishi za Madagascar na Australia walizozipima zilikuwa na 88. Mbuyu wetu ulikuwa na 160. Yaani wakati ndugu zake wana seti mbili za kromosomu, kama sisi binadamu, mbuyu wa Afrika una seti nne. Hapo likazaliwa swali: seti hizo zimetoka kwa mzazi gani, na je, mzazi huyo mwenye seti mbili bado yupo mahali fulani barani?

Swali hilo lilimvuta Jack Pettigrew, mtaalamu wa ubongo kutoka Australia aliyekuwa na mapenzi makubwa na mibuyu. Yeye na wenzake walijenga hoja yenye mantiki. Seli yenye kromosomu nyingi kwa kawaida huwa kubwa, hivyo mti wa seti mbili utarajiwe kuwa na chavua ndogo na vitundu vidogo vya kupumulia kwenye majani, tena vilivyosongamana zaidi. Katika miti ya mwinuko walisema wameviona hivyo vyote, pamoja na maua madogo na kromosomu chache. Wakahitimisha kwamba mzazi aliyekuwa akitafutwa amepatikana.

Mimi naona hoja ile ilikuwa nzuri, na ndiyo maana ilistahili kupimwa kwa ukali. Onyo lilikuwa limeshatolewa Benin. Huko wakulima hutenganisha mibuyu yao kwa gome, kwa ladha ya majani na kwa utamu wa unga wa tunda, na wanajua wazi ni mti upi wa kuchuma. Mwaka 2009 Achille Assogbadjo na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya makundi hayo ya mibuyu, na kipimo chao hakikuweza kuyatenganisha. Tofauti ambayo mtu anaionja mdomoni ni ya kweli, lakini haitoshi kuifanya miti miwili kuwa spishi mbili.

Mwaka 2016 Glynis Cron wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alitoa jibu akiwa pamoja na Baum, Assogbadjo na wengine. Walikusanya vipimo vya majani, maua na chavua kutoka sehemu nyingi za bara, wakahesabu kromosomu, wakasoma vinasaba. Ukubwa wa vitundu vya majani na wa chavua ulipanda na kushuka pasipo mpaka wowote kati ya kundi moja na jingine. Miti iliyodhaniwa kuwa spishi mpya ilikutwa na seti nne kama mingine. Mbuyu wa Dodoma, mji ulio juu ya meta 1,100, na mbuyu wa Bagamoyo ufukweni, ni spishi moja.

Kilichopotosha kinaeleweka ukijua kazi ya kuhesabu ilivyo. Unachukua ncha ya mzizi mchanga, unaitia rangi, unaibana kati ya vioo viwili mpaka seli zitandazike, kisha unatafuta kwa hadubini seli iliyo katikati ya kugawanyika. Kromosomu za mbuyu ni ndogo mno na hulaliana. Kwa hiyo hesabu zilizochapishwa zilikuwa zimetofautiana kuanzia 96 hadi 168. Mwaka 2020 utafiti mwingine ulirudia kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa na kupata 168. Ubishi wa Adansonia kilima ndio uliofanya namba hiyo iwe na uzito, na kwa hilo namshukuru Pettigrew, aliyefariki mwaka 2019.

Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha jenomu za spishi zote 8. Zinaonyesha kwamba jenasi hii ilianzia Madagascar, ikavuka bahari kuja Afrika na kwenda Australia, na kwamba kule kisiwani spishi zimewahi kuchanganya damu. Zilionyesha pia kuwa mibuyu miwili ya Madagascar, Adansonia suarezensis na Adansonia grandidieri, ina uanuwai mdogo wa kijeni. Tofauti na Adansonia kilima, hizo ni spishi kamili, kwa umbo na kwa vinasaba, na watafiti wanataka zilindwe kuliko zinavyolindwa sasa.