Ni Nani Aliyejenga Kanisa Hili?

  Katika dakika hizi chache tunataka mfuatane nasi katika safari fupi ya kuyatazama makanisa ya Kianglikana ya nchi yetu. Tutaanzia Mwihoko, tushuke hadi Mombasa, tupande Nairobi na Murang'a, kisha turudi Mwihoko. Somo letu ni Kitabu cha Nehemia, sura ya 3.

Wengi wetu huiruka sura hiyo. Tunaona ni orodha ya majina tu: fulani alijenga kipande hiki cha ukuta wa Yerusalemu, na aliyefuata akajenga kile. Lakini tukisoma polepole tunawakuta makuhani, wafua dhahabu, watengenezaji wa marashi na wafanya biashara. Tunamkuta pia mtu aitwaye Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Nehemia alikuwa na kazi nyingi na adui wengi. Hata hivyo alihakikisha kwamba waliojenga wameandikwa.

Sasa tuwapeleke Mwihoko. Mahali hapa ni upande wa Ruiru, karibu na Githurai, na jina lake ni la Kikikuyu, maana yake tumaini. Watu wamekuja hapa kutoka kila pembe ya nchi, wakanunua viwanja vidogo, wakajenga chumba kimoja kimoja kwa kadiri walivyojaliwa. Nasi washirika wa kanisa tulifanya vivyo hivyo. Tulianza kwa mabati na viti vya kuazima. Mvua iliponyesha mahubiri yalisimama, kwa maana hapakuwa na aliyeweza kumsikia mhubiri. Ndipo tukaazimia kujenga kwa mawe ya Ndarugo, yale yanayochimbwa upande wa Juja na Thika. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda hadi usawa wa madirisha, na hapo fedha zikatuishia.

Jumapili moja tukasoma kwa sauti majina ya waliotoa mchango wa jengo, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Baadaye tukasoma na majina ya wale ambao hawajatoa. Miongoni mwa hao alikuwamo nyanya mmoja anayeuza mboga kando ya barabara. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Ya pili hakuja. Ya tatu pia kiti chake kilikuwa kitupu.

Tumwache nyanya huyo kwa muda, tushuke pwani, maana huko ndiko makanisa yetu yalikoanzia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akitumwa na Chama cha Misheni cha CMS. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, nao wakaanzisha kituo chao Rabai. Mwaka 1875 CMS wakaanzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili watumwa waliokombolewa wapate makao. Hapo palisimamishwa kengele iliyowaita watu kwenye ibada, tena iliwaonya wakati wa hatari. Kengele hiyo ingalipo, na mtaa uliopo hapo huitwa Kengeleni hadi leo.

Mwaka 1885, huko huko Frere Town, Askofu James Hannington aliwapa ushemasi Waafrika wawili, Ishmael Semler na William Jones. Miezi michache baadaye askofu huyo alifunga safari kwenda Uganda, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga. Aliyemfuata katika uaskofu, Henry Parker, alifariki kwa homa mwaka 1888 karibu na ziwa. Kwa ukumbusho wao lilijengwa kanisa kuu la Mombasa, lililowekwa wakfu mwaka 1905.

Aliyelichora ni J. H. Sinclair, mchoraji wa majumba kadhaa ya Unguja. Ukilitazama kutoka barabarani utaona kuba na matao yanayofanana na ya majumba ya Waarabu. Mgeni aweza hata kudhani ni msikiti, mpaka auone msalaba. Waliojenga walikubali kwamba nyumba ya Mungu mjini Mombasa yaweza kufanana na nyumba za majirani zake.

Lakini kuna jambo moja la kufikiri. Hannington alipokamatwa alikuwa na wapagazi wapatao 50, na karibu wote waliuawa pamoja naye. Walikuwa na wake, na watoto, na mama zao waliowangoja. Jina la askofu tunalijua. Ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mpagazi mmoja?

Tupande sasa hadi Nairobi. Mnamo tarehe 3 Februari 1917, Gavana Henry Belfield aliweka jiwe la msingi la Kanisa la Watakatifu Wote. Ramani ilichorwa na Temple Moore, fundi mashuhuri wa makanisa huko Uingereza, naye alifuata mtindo wa kale wa nchi yake: kuta nene za mawe, matao yenye ncha, na madirisha ya vioo vya rangi. Katika makanisa ya mtindo huo washirika huketi katika ukumbi mrefu wakielekea madhabahu, na birika la ubatizo huwekwa karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mlango wa kuingilia katika jamii ya Kikristo.

Kanisa hilo halikujengwa kwa siku moja. Temple Moore alifariki mwaka 1920, kazi ikaendelea kwa vipande, na jengo likakamilika mwaka 1952. Hesabuni wenyewe: ni miaka 35. Sisi wa Mwihoko tulioona haya kwa sababu ya kuta zilizokomea madirishani, hapo tunapata faraja.

Lakini hapo napo tuulize swali lile lile. Jina la gavana aliyeweka jiwe moja limehifadhiwa. Mafundi na vibarua waliochonga maelfu ya mawe na kuyapandisha juu hawakuandikwa hivyo. Tena kwa miaka mingi kanisa hilo lilikuwa hasa la Wazungu, ingawa liliitwa la Watakatifu Wote. Ilichukua muda jengo hilo kulifikia jina lake. Mwaka 1971 Henry Okullu akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Provosti hapo.

Kutoka Nairobi tupite Thika, tufike Murang'a. Mwaka 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari, na nchi ya Wakikuyu ikajaa machozi. Wako Wakristo waliouawa kwa sababu walikataa kula kiapo. Wako pia watu wengi waliofungwa kambini, waliopigwa, na waliouawa kwa mkono wa serikali. Nyumba moja iliweza kugawanyika, ndugu na ndugu wasisemezane. Katika miaka hiyo hiyo ndipo lilipojengwa kanisa la ukumbusho, nalo likaitwa Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote.

Lisikilizeni jina hilo. Halikumtaja askofu wala gavana. Limesema mashahidi wote, na katika neno hilo yuko mkulima ambaye jina lake halijulikani nje ya kijiji chake. Ndani ya kanisa hilo, Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu katika Tanzania, alichora ukutani picha tano kubwa, akazikamilisha mwaka 1959. Zinaonyesha kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane, na msalaba. Yesu wa picha hizo ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya vilima na migomba. Mama aliyeingia humo na huzuni yake aliweza kuona kwamba Bwana aliteseka katika nchi kama ile aliyoilima yeye.

Wapendwa, na sasa turudi Mwihoko. Jumapili ya tatu ilipopita, tulikwenda watatu kumtafuta yule nyanya. Tulimkuta mbele ya mafungu yake ya sukuma wiki. Alitukaribisha, akatuma mtoto atuletee chai. Tukamwambia, "Nyanya, tumekuja kukuomba msamaha."

Akajibu, "Wanangu, sikukasirika. Niliona haya tu. Mlisema sijatoa kitu, nami nikakumbuka yale maji."

Tukamwuliza ni maji gani. Akatueleza. Wakati wa kujenga msingi hapakuwa na bomba karibu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua biashara yake, alileta mgongoni mtungi mmoja wa maji na kuuacha mahali walipochanganyia saruji. Alifanya hivyo mpaka msingi ukaisha. Karani wetu alikuwa na daftari la shilingi, wala hakuwa na daftari la maji. Chai yetu ilipoa mikononi. Tulijua kwamba pasipo maji yale, saruji yetu yote ingebaki unga.

Tangu hapo tumefungua ukurasa mwingine katika daftari la parishi. Tumeandika maji ya nyanya. Tumeandika vijana waliobeba mawe kutoka kwenye lori, akina mama waliowapikia mafundi githeri, na fundi aliyefanya kazi Jumamosi nne bila malipo. Majina ya wasiotoa hatuyasomi tena. Hatusemi kwamba fedha hazihitajiki. Mawe yana bei, na kuta zetu zingali usawa wa madirisha. Nyanya amerudi, na huketi pale pale alipozoea, karibu na mlango, kando ya birika la ubatizo.

Ndugu msikilizaji, huenda hata huko kwenu kuna jengo linaloendelea. Ukikutana na jiwe la msingi, lisome kwa heshima. Kisha tazama pande zote za ukuta, umwulize jirani yako ni nani aliyeleta maji.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unawajua waliojenga nyumba zako, hata wale tuliowasahau. Utusamehe pale tulipomwaibisha mnyonge kwa ajili ya mawe. Utufundishe kuandika vema, na kujenga kwa subira, hata paa litakapowafunika wote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.