Mungu wa Kanisani, Nzambe wa Dansini: Imani katika Nyimbo za Bagira

Wachunguzi wa nyimbo za mashariki ya Kongo aghalabu huzigawa katika mafungu mawili: za dini na za dansi. Mgawanyo huo hurahisisha kazi ya kuorodhesha santuri, lakini huficha sehemu kubwa ya historia ya fikra. Makala hii inadai kwamba katika Bagira, mojawapo ya komini tatu za mji wa Bukavu, swali la imani halikukaa katika aina moja ya muziki, bali lilihama pamoja na lugha.

Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950 na Ofisi ya Miji ya Waafrika, idara iliyoundwa na serikali ya Kibelgiji mwaka 1952. Washi, Warega, Wabembe na wengineo walikutana mjini katika Kiswahili. Hivyo Mwenyezi akawa na majina matatu masikioni mwa watu: Nyamuzinda katika Kimashi cha nyumbani, Mungu katika Kiswahili cha kanisani, na Nzambe katika Kilingala cha santuri zilizotoka Leopoldville, Kinshasa ya leo.

Kiswahili cha kanisani kilikuwa na sura yake. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, na Wapentekoste wa Sweden walioanza kazi Kivu mwaka 1921, walieneza tenzi zilizotumia lugha iliyokaribia usanifu. Mwimbaji alitamka "watu" kwaya ilipoimba, akarudi kwenye "batu" alipotoka mlangoni. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965) ngoma zilipata nafasi katika ibada ya Kikatoliki, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa misa ya Zaire. Kwa hiyo mahadhi peke yake hayakutosha tena kutenga kanisa na dansi.

Upande wa dansi nao haukuwa mtupu wa imani. Katika "Mokolo Nakokufa", wimbo wa miaka ya 1960, Tabu Ley Rochereau aliitazama siku ya kufa kwa macho ya watu wa hali mbalimbali, tajiri na maskini. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni. Lakini jina la Nzambe halikutoka katika santuri. Raia aliyevuliwa jina la kanisa aliendelea kulisikia jina la Mungu katika wimbo wa mapenzi na wa majonzi.

Mfano wa Kiswahili ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji ambao kabla ya mgawanyo wa 1988 ulihesabiwa pamoja na Bukavu katika jimbo la Kivu. Alihamia Dar es Salaam mwaka 1978, akapata sifa akiwa na Super Matimila. Wimbo wake "Kifo" unakikabili kifo chenyewe katika mdundo wa kuchezwa. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, aliacha dansi akaimba nyimbo za injili. Wengi huyaona maisha hayo kuwa nusu mbili. Hata hivyo, swali la mwanadamu mbele ya kifo lilikuwamo tayari katika nusu ya kwanza. Kilichobadilika ni namna ya kulijibu.

Jambo hili si dogo kwa mji uliopitia vita vya 1996 na 1998, na ambao Askofu wake Mkuu, Christophe Munzihirwa, aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mfiwa hahitaji kwanza kujua wimbo ni wa fungu gani. Hutafuta maneno yanayoweza kubeba msiba wake. Tukiendelea kuhifadhi tenzi katika rafu moja na dansi katika nyingine, tutaandika historia ya makanisa na historia ya bendi, na kuikosa historia ya waumini wenyewe. Hatuna budi kuanza na msikilizaji: alimwita Mungu kwa lugha ipi, wapi, na katika saa gani ya maisha yake.